MOTA IPIMWE KWA MZIGO, SI KWA BEI



Wengine wenu mkiona kichwa cha maneno haya mtasema, "Chama ni cha mishahara na saa za kazi. Habari za mota ni za mainjinia, zatuhusu nini?" Twawaomba msome mpaka mwisho kabla ya kuamua, kwa maana katika habari hii mna vidole viwili vya mwenzetu na mishahara ya watu wanne.

Baadhi yetu, kabla ya kuingia kazi ya reli, tulifanya kazi katika karakana ya mtu mmoja mjini. Jina lake hatulitaji, wala si lazima, kwa kuwa karakana za namna ile ni nyingi. Tajiri wetu alinunua mashine ya kutoboa mabamba ya chuma. Ilikuwa na njia tatu za mwendo: moja ya urefu, moja ya upana, na moja ya kupanda na kushuka. Kila njia ilikuwa na mota yake na skrubu yake, na kompyuta ndiyo iliyoamuru kila mota izunguke kiasi gani ili drili ifike mahali panapotakiwa. Ilipofika tulifurahi. Zamani tulikuwa tukipima kwa rula ya chuma, tukichora kwa chaki na kupiga alama kwa nyundo. Sasa tuliambiwa mambo hayo yamekwisha.

Mwezi wa kwanza kazi ilikwenda vizuri. Halafu mabamba mazito yakaanza kutoka na matundu yaliyokwenda upande, mara milimita 2, mara milimita 3. Kompyuta ilionyesha kwamba drili iko mahali pake barabara. Foromani akaitazama kompyuta, akalitazama bamba, kisha akamtazama mfanyakazi, akasema kosa ni lake, hakulifunga bamba sawasawa. Watu wanne walikatwa mishahara kwa mabamba yaliyoharibika.

Baadaye, siku moja mchana, stima ilipotea. Mwenzetu mmoja alikuwa ameingiza mkono chini ya kichwa cha drili kuondoa vipande vya chuma. Kichwa hakikusimama. Kilishuka chenyewe, polepole kwanza, kisha kwa kasi, na mwenzetu akapoteza vidole viwili. Tajiri alisema ni uzembe. Sisi tulinyamaza, kwa kuwa hatukuwa na maneno ya kumjibu. Leo tunayo, na ndiyo tunayoyaandika hapa. Twasema ya kwamba makosa yale mawili hayakufanywa na mfanyakazi. Yalinunuliwa pamoja na mashine, siku ile mota zilipochaguliwa.

KIPIMO HUTANGULIA

Sisi watu wa reli yatupasa kulifahamu jambo hili kuliko wengine. Injini ya treni haichaguliwi kwa uzuri wake wala kwa bei yake. Kwanza huulizwa: mzigo ni tani ngapi, mlima ni mkali namna gani, kona zikoje, na reli yenyewe yaweza kubeba uzito gani? Katika miaka ya 1955 na 1956 reli ya Afrika ya Mashariki ilipata injini 34 za mvuke za aina ya 59, zilizotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester na kupewa majina ya milima. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 hivi. Hazikuja kubwa vile kwa fahari. Kutoka Mombasa mpaka Nairobi mzigo hupanda zaidi ya mita 1,600, na reli ya wakati ule ilikuwa nyembamba. Basi uzito wa injini ukagawanywa juu ya magurudumu mengi ili reli isiumie. Kipimo kilitangulia, injini ikafuata. Moja katika hizo, Mount Gelai, iko katika makumbusho ya reli Nairobi, na mwenye kutaka aweza kwenda kuitazama.

Katika shule ya misheni tulisomeshwa habari ya kijana Daudi, aliyevikwa mavazi ya vita ya mfalme Sauli akayavua, kwa sababu hakuwa ameyajaribu. Mavazi yale yalikuwa mazuri na ya bei kubwa, lakini yalikuwa ya mtu mwingine. Hivyo ndivyo ilivyo mota iliyochaguliwa kutoka katika katalogi kabla ya kujua kazi yake.

Sasa na tupime. Hesabu hii ni ya kuzidisha na kugawanya tu, na mtu aliyemaliza darasa la saba aweza kuifuata. Tuseme kichwa cha drili kina uzito wa kilo 40, nacho hupanda na kushuka kwa skrubu ambayo kila mzunguko mmoja hukisogeza milimita 10. Uzito wa kilo 40 huvuta chini kwa nguvu ya newtoni 400 hivi. Tukitaka kianze kupanda kwa haraka ya kadiri, tuongeze newtoni 40. Kusuguana kwa vyuma, tuongeze 20. Jumla ni 460. Zidisha kwa mita 0.01, ugawanye kwa 6.28, utapata 0.73. Lakini hata skrubu nzuri ya gololi hupoteza sehemu moja katika kumi, kwa hiyo mota lazima itoe 0.8 hivi. Kipimo hiki cha nguvu ya kuzungusha huitwa newtoni-mita. Tukiongeza uzito wa skrubu na wa mota yenyewe, ambao nao lazima uzungushwe, pamoja na akiba ya siku mbaya, yafaa tutafute mota ya 1.2.

Tena tuangalie mwendo. Tukitaka kichwa kiende mita 15 kwa dakika, skrubu lazima izunguke mara 1,500 kwa dakika. Basi swali si "mota ina nguvu gani?" Swali ni "mota ina nguvu gani inapozunguka mara 1,500 kwa dakika?" Hapo ndipo tajiri wetu alipopotea.

NGUVU YA KUSIMAMA NA NGUVU YA KUKIMBIA

Katika maduka ziko mota za aina mbili ambazo hutumika zaidi katika mashine hizi. Ya kwanza ni stepa. Huzunguka kwa hatua, na kwa kawaida hatua 200 hufanya mzunguko mmoja. Kompyuta huiambia "piga hatua 1,000," nayo hupiga, lakini hairudi kusema kama imefika. Ya pili ni sevo. Hii ina kifaa nyuma yake kinachoitwa enkoda, ambacho huhesabu mzunguko na kupeleka habari. Ikichelewa, huongezwa nguvu. Ikishindwa kabisa, mashine husimama na kupiga kengele.

Tajiri wetu alioneshwa mota mbili. Stepa ilikuwa imeandikwa newtoni-mita 3, na bei yake ilikuwa ndogo. Sevo ya wati 400 ilikuwa imeandikwa 1.27, na bei yake ilikuwa kubwa. Akafikiri: hii ina nguvu zaidi ya mara mbili, na ni rahisi, muuzaji ni mjinga. Lakini tarakimu ile ya stepa ni nguvu yake inaposhikilia mzigo bila kuzunguka. Kadiri inavyozunguka kwa kasi ndivyo nguvu inavyopungua, na kwa mara 1,500 huenda isibaki hata theluthi. Sevo huandikwa nguvu yake inapokimbia, hata kwa mara 3,000 kwa dakika, na kwa muda mfupi yaweza kutoa mara tatu ya hiyo. Mwajua hamali wa bandarini. Ukimtwika magunia matatu naye amesimama tuli, aweza kustahimili. Mwambie akimbie nayo, ndipo utakapojua nguvu zake za kazi.

Basi katika mashine yetu, bamba lilipokuwa zito na mwendo wa meza ukawa wa haraka, stepa iliruka hatua bila kusema neno. Skrubu yenye milimita 10 ikigawanywa kwa hatua 200, kila hatua ni milimita 0.05. Hatua 60 zikipotea ni milimita 3. Kompyuta haikujua, kwa kuwa haikuwa na mtu wa kuipasha habari, nayo ikaendelea kuandika kwamba mambo yote ni sawa. Shahidi aliyeaminiwa juu ya mfanyakazi alikuwa shahidi kipofu.

Hatusemi kwamba stepa ni mbaya. Kwa mzigo mwepesi usiobadilika, na mwendo wa polepole, ni mota nzuri, rahisi, wala haina mambo mengi ya kuharibika. Wala hatusemi tajiri anunue sevo kubwa kuliko zote dukani. Mota kubwa kupita kazi hula stima na fedha bure, na fedha hiyo yaweza kuwa ndiyo nyongeza yetu. Tena mota ndogo mno yenye mzigo mzito huyumba. Wapanga mabehewa wajua: injini ndogo ikipewa mabehewa mengi, siku ya kusimama mabehewa ndiyo yatakayoisukuma injini. Twasema kila kazi na kipimo chake.

NJIA YA KUSUKUMA

Mota hupewa kitu cha kugeuza mzunguko wake uwe mwendo wa moja kwa moja, na hicho nacho lazima kichaguliwe kwa kazi. Skrubu ya gololi ni sahihi na hupoteza nguvu kidogo, lakini ikiwa ndefu mno na ikazungushwa kwa kasi, huanza kuyumba katikati kama kamba. Mkanda wenye meno huenda mbali na kwa haraka, lakini hunyooka kidogo, haufai kwa kazi ya kipimo kidogo sana chenye mzigo mzito. Kwa meza ndefu ya mita 6 ya kukatia mabamba, mara nyingi hutumiwa gia inayotembea juu ya chuma chenye meno. Huo si ugeni kwa watu wa reli. Mlima Washington huko Marekani treni yapanda kwa meno tangu 1869, na mlima Pilatus huko Uswisi tangu 1889. Ubaya wake ni kwamba gia ikilegea, mashine hucheza kabla ya kurudi nyuma, na kipimo hupotea.

Iko pia silinda ya upepo. Ni rahisi na ya haraka, na yafaa sana kama kitu chatakiwa kwenda mahali pawili tu: hapa au pale. Lakini upepo hubanwa kama springi, na kuusimamisha katikati kwa kipimo halisi ni kazi ngumu. Tumeona watu wakinunua silinda ya upepo kwa kazi ya kusimama mahali kumi, kisha wakamlaumu kijana wa mashine kwa kuwa haisimami. Silinda ya mafuta ina nguvu nyingi zaidi, nayo yafaa kwa kubana na kukunja vyuma vizito, lakini yataka pampu, na mafuta yakivuja sakafuni mtu huanguka.

Jambo jingine. Katalogi nyingi huandika nguvu za mota kwa mahali pasipozidi mita 1,000 juu ya bahari, na joto lisilozidi digrii 40. Nairobi ni zaidi ya mita 1,600, na Timboroa ni zaidi ya 2,700. Huko juu hewa ni nyepesi, haipozi mota sawasawa, kwa hiyo mota haiwezi kufanyishwa kazi yote iliyoandikwa juu yake. Huko Mombasa, chumvi na unyevu wa bahari huingia katika waya na beringi. Mambo haya muuzaji aliye mbali hayakumbuki. Anayeyajua ni yule anayeigusa mota kila siku na kuona imeunguza mkono.

BREKI YA MWENZETU

Sasa turudi kwa vidole viwili. Skrubu ya gololi ni laini, na huo ndio uzuri wake. Lakini kitu laini huenda pande zote mbili. Mota huizungusha skrubu ili kuinua mzigo, na mzigo nao waweza kuizungusha skrubu na kushuka. Stima ikiwapo, mota hushikilia. Stima ikipotea, hakuna anayeshikilia. Kwa hiyo njia yoyote ya kupanda na kushuka yenye skrubu ya gololi lazima iwe na breki ya springi: breki ambayo stima huifungua, na stima ikikatika springi huifunga yenyewe. Mashine yetu haikuwa nayo. Mota yenye breki ilikuwa katika katalogi ileile, ukurasa uleule, kwa fedha zaidi kidogo.

Na hii si akili mpya. Ni akili ya reli. George Westinghouse wa Marekani alipotengeneza breki yake ya kwanza ya upepo mwaka 1869, upepo ulipelekwa kutoka injini ili kufunga breki. Ikiwa bomba lilipasuka, treni haikuwa na breki. Akaona kosa hilo, na mwaka 1872 akaligeuza: kila behewa liwe na tangi lake, na upepo ukipotea bombani breki zifunge zenyewe. Tangu hapo mabehewa yakikatika njiani husimama. Basi inakuwaje leo, zaidi ya miaka 150 baadaye, watu wauze mashine ambayo uhai ukiitoka huanguka juu ya mkono wa mtu?

Tena hata breki hiyo si ruhusa ya kuingiza mkono. Breki huchakaa. Kabla ya mtu kuingia chini ya kichwa, stima izimwe na swichi ifungwe kwa kufuli, na kichwa kiwekewe gogo au pini ya chuma. Tajiri atoe kufuli na pini, nasi tuzitumie. Mwenzetu akipita njia ya mkato, tumwonye sisi kwanza kabla ya foromani.

MAJIBU YETU

Wako watakaosema, "Fedha ni za tajiri, achague apendavyo." Twajibu: fedha ni zake, vidole ni vyetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, nao wafanyakazi wawe ndani yake. Kamati hiyo isiitwe baada ya damu kumwagika. Iitwe siku mashine inapochaguliwa.

Juu ya mishahara, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, haimpi tajiri ruhusa ya kukata mshahara kwa kila kitu kilichoharibika. Hasara ya mali hukatwa ikiwa imetokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Stepa iliyoruka hatua si kosa la makusudi la mtu yeyote aliyesimama mbele yake. Lakini ni nani atakayelisema hilo, ikiwa sisi wenyewe hatujui stepa ni nini? Wale wanne walikatwa kwa sababu mbili: tajiri hakupima, na sisi hatukuweza kueleza. Sababu ya kwanza ni yake. Ya pili ni yetu, na hatutaki kuificha.

Kwa hiyo twaomba kila tawi la chama, likisikia mashine ya namna hii inataka kununuliwa, limpelekee mkubwa wa kazi maswali haya kwa maandishi, na kuweka nakala:

1. Mzigo wa kila njia ni kilo ngapi, na mzito kuliko wote ni upi?
2. Utakwenda umbali gani, kwa kasi gani, na mara ngapi kwa saa?
3. Kipimo kinachotakiwa ni cha milimita ngapi kwa kweli?
4. Mota ina nguvu gani kwa kasi ile ya kazi, si kwa kusimama?
5. Mota ikikosa kufika, mashine itajuaje?
6. Stima ikipotea, kila njia itafanya nini?
7. Vumbi, joto na urefu wa mahali petu vimehesabiwa?
8. Ni nani atakayeitengeneza, na vipuri vitatoka wapi?

Majibu ya maswali mengi katika haya hayamo ofisini. Yamo kwa watu wanaobeba mabamba. Anayejua kwamba bamba zito kuliko yote huletwa Ijumaa jioni watu wakiwa wamechoka ni mbebaji, wala si mchoraji wa ramani. Tajiri mwenye akili atamwuliza, naye ataokoa fedha zake.

Mwenzetu yule siku hizi ni mlinzi wa lango. Kalamu aishika kwa vidole vitatu, na jina lake aliandika vizuri. Yeye ndiye aliyetuambia tuandike habari hii, wala hakutaka tumtaje.

Umoja ni nguvu, lakini umoja usio na maarifa hunyamaza mbele ya katalogi. Na tujifunze kupima.

Ni sisi wenzenu wa karakana.